Kidonda cha moto: labo imesema hakuna kitu, daktari anataka kumpasua mtoto

Swali: "Docta, jambo. Mimi ni mama wa Majengo, hapa Goma. Mtoto wangu wa miaka mine alimwagikiwa na maji ya bugali yenye kutokota: kifua, tumbo na mukono wa kuume. Tuko hospitali. Siku ya sita walipitisha kijiti cha pamba juu ya kidonda, wakapeleka kwa labo. Karatasi ikarudi na vijidudu viwili, Pseudomonas na stafilokoki, na kule chini majina ya dawa na S ao R. Hata amoksisilini iko na S. Docta akasema hatatoa antibiotiki, eti kupaka tu ile krimu nyeupe na kuosha. Siku ya kumi, Jumamosi, kidonda kikaanza kunuka, mangaribi wakachukua kijiti tena. Leo Jumanne karatasi inaandika 'culture stérile 24 h', eti kwa saa 24 hakuna kilichoota. Lakini tangu asubuhi joto ni 39.5, amekataa kula, na kidonda kiko na madoa meusi. Sasa docta ule ule anasema dawa ya mushipa leo leo na kesho wamupasue. Nani anadanganya, labo ao docta? Na wanasema kuna kipimo cha tatu, cha kukata kanyama. Nilipe?"

Mama, pole kwa mtoto, na pole kwa usiku zote unazolala ukiwa umeegemea kitanda chake. Nianze na la haraka: kama bado hujatia sahihi ya upasuaji, tia. Anayemwona mtoto ni daktari wake, si mimi, lakini hayo matatu uliyoyataja kwa pamoja, joto la 39.5, kukataa chakula na madoa meusi yaliyojitokeza juu ya kidonda, hayasubiri karatasi. Mengine ninayoandika hapa utayasoma akiwa amekwisha kuingizwa chumba cha upasuaji.

Hakuna aliyedanganya. Labo inaulizwa hivi: je, kwenye pamba hii kuna kijidudu hai kinachoweza kuota juu ya chakula tulichokiandalia, kwa joto la nyuzi 35 hadi 37, ndani ya muda tuliokipa? Daktari anaulizwa jambo jingine kabisa: je, vijidudu vimeingia ndani ya nyama hai ya mtoto? Wewe ni mtu wa Goma, umeona watu wanavyojaa Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, asubuhi. Ukiupiga picha ule umati wa upande wa huku utajua ni akina nani na ni wengi kiasi gani, ila picha haikuambii nani ameshavuka kwenda Gisenyi. Kijiti cha pamba ni picha ya namna hiyo.

Turudi siku ya sita. Maji yanayotokota huua karibu kila kijidudu kilichoko juu ya ngozi, ndiyo maana saa za mwanzo kidonda huwa karibu safi. Ila stafilokoki hukaa pia ndani, kwenye vishimo vya vinyweleo na tezi za jasho, ambako joto halifiki sawasawa. Hizo ndizo hurudi kwanza, ndani ya siku mbili hivi. Kuanzia siku ya tano hadi ya saba huja kundi la pili: vijidudu vya tumboni mwa mtoto mwenyewe, na vile vinavyoishi hospitali, Pseudomonas, Klebsiella, Acinetobacter. Huletwa na mikono yetu sisi wahudumu, na maji ya kuoshea, sinki, shuka, hata simu ya mgeni aliyekuja kusalimia. Ngozi iliyokufa ina unyevu na protini tele, wala haina mishipa ya damu ya kuleta chembe nyeupe za kupambana. Kidonda kikubwa cha moto ambacho siku ya sita hakina kijidudu hata kimoja ndicho kingenishangaza. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ilisema kweli, lakini haikuwa habari mpya.

Na antibiotiki je? Najua hapa ndipo wazazi wanapokasirika, na si wazazi peke yao, kuna na wauguzi wanaonong'ona kwamba docta ni mchoyo wa dawa. Dawa ya mshipa husafiri na damu. Pale ngozi ilipokufa damu haipiti, basi dawa haifiki kwa vile vijidudu unavyotaka viuawe. Inafika kwingine kote, matumboni na kooni, inaua vilivyo laini na kuviachia nafasi vilivyo sugu. Siku dawa itakapohitajika kweli kweli, mtoto atakuwa amebaki na vile visivyoisikia. Hii ndiyo sababu miongozo ya kutibu walioungua inakataza kutoa antibiotiki za mshipa kwa ajili ya kuzuia tu. Kuosha kila siku, krimu, chakula cha kutosha na mikono safi ndiyo tiba ya siku ya sita.

Ungeweza kuniuliza: na homa? Bila shaka alikuwa na homa hata siku hiyo ya sita. Mwili ulioungua sehemu kubwa hupandisha joto lake wenyewe, 38 au hata 38.5, siku nyingi mfululizo, pasipo maambukizo yoyote. Chembe nyeupe za damu nazo hupanda. Vipimo vingi ambavyo kwa mgonjwa wa kawaida vinapiga kelele ya maambukizo, kwa aliyeungua vinapiga kelele kila siku. Mwaka 2007 chama cha wataalamu wa majeraha ya moto cha Marekani kilipoweka dalili za sepsisi, yaani maambukizo yanayovuruga mwili mzima, kwa walioungua, kiliupandisha mpaka wa joto hadi juu ya 39, au chini ya 36.5, tena kikataka joto hilo liandamane na mengine: mapigo ya moyo yanayozidi kwenda mbio, pumzi za haraka, chembe za kugandisha damu kushuka, sukari kupanda kwa mtu asiye na kisukari, na tumbo lililokuwa linapokea chakula kuanza kukikataa. Kwa watoto mapigo na pumzi hupimwa kulingana na umri. Hilo la chakula ndilo linalopuuzwa mno wodini, kwa sababu mtoto akikataa uji kila mtu anasema amenuna.

Kuna namba utaisikia madaktari wakiitaja: vijidudu 100,000 kwa kila gramu ya nyama. Ilitokana na kazi iliyofanywa miaka ya 1960 katika kituo cha walioungua cha jeshi la Marekani, San Antonio, Texas. Walikuwa wanakata kipande cha nyama ya kidonda, wanakipima uzito, wanakisaga na kuhesabu vinavyoota. Ikionekana vimepita 100,000, waliogopa kwamba uvamizi umeanza. Wazo zuri, na kwa miaka mingi namba hiyo ilishikwa kama sheria. Baadaye, miaka ya 1980, wataalamu wa kituo hicho hicho waligawa kila kipande mara mbili: nusu ikahesabiwa vijidudu, nusu ikakatwa nyembamba na kutazamwa kwa hadubini kuona kama kweli vijidudu vimeingia kwenye nyama hai. Hesabu ilipokuwa ndogo, hadubini nayo karibu kila mara haikuona uvamizi. Hesabu ilipokuwa kubwa, hadubini iliona uvamizi kwa chini ya nusu ya vipande. Ni kusema hata kipimo kigumu zaidi ya kijiti chako, kinachofanywa na watu waliokizoea, kinajua kutuliza kuliko kinavyojua kushtaki. Tena ukikata vipande viwili kwenye kidonda kimoja, umbali wa vidole viwili, hesabu zake zinaweza kuachana sana.

Sasa ile karatasi iliyokuvuruga, "culture stérile 24 h". Watu wa labo hulaumiwa bure mara nyingi, kwa maana wanaotesha walicholetewa. Ifuate ile pamba safari yake yote.

Jumamosi jioni bandeji imefunguliwa, kidonda kimepakwa krimu nyeupe. Krimu hiyo ina madini ya fedha, ambayo kazi yake ni kuua vijidudu. Kama pamba imegusa kabla krimu haijaoshwa ikaisha, imebeba dawa pamoja na vijidudu, na dawa ile huendelea kuua hadi ndani ya sahani ya labo. Krimu hiyo pia hutengeneza utando wa kijivu juu ya kidonda, na chini ya utando kuna gamba la ngozi iliyokufa. Vijidudu vinavyotisha viko chini ya gamba, kwenye mpaka wa nyama iliyokufa na nyama hai. Pamba imepanguza paa tu. Namna bora ya kutumia kijiti ilielezwa na Levine na wenzake mwaka 1976: osha kidonda, ondoa krimu na usaha wote, chagua mahali penye nyama inayoonekana hai, kandamiza na kuzungusha pamba juu ya eneo la sentimita moja ya mraba kwa sekunde 5, kwa nguvu ya kutosha kukamua maji ya ndani ya nyama. Mtoto atalia. Kijiti kilichochukuliwa mtoto akiwa ametulia tuli, mimi hukitilia shaka, isipokuwa kama alikuwa amepewa dawa ya maumivu ya kutosha, kama inavyotakiwa.

Kisha pamba inaingia kwenye kijichupa. Kikiwa kikavu, vijidudu huanza kufa palepale. Kikiwa na ute maalumu wa kusafirishia, vitavumilia takriban siku nzima. Lakini ilikuwa Jumamosi jioni, na ukiwa na karatasi ya Jumanne iliyoandikwa saa 24, nahisi pamba ilingoja hadi Jumatatu asubuhi ndipo ikapandwa. Hapo katikati umeme ukikatika, kasha la kuoteshea linapoa, na vilivyokuwa vimeanza kuota vinachelewa. Mwisho ni hizo "24 h". Vijidudu vilivyodhoofishwa na krimu au dawa vinahitaji saa 48. Fangasi huweza kuchukua siku kadhaa, na hao hupenda vidonda vikubwa vya wiki ya pili na kuendelea. Vile visivyopenda hewa haviwezi kuota kabisa kwenye kipimo cha kawaida. Kwa hiyo karatasi imeandika ukweli wake: katika kilichotufikia, kwa siku moja, juu ya chakula chetu, hatukuona kitu. Tena inazungumzia kidonda cha Jumamosi, na daktari leo anatibu kidonda cha Jumanne.

Daktari ameona nini ambacho pamba haikuona? Ameona rangi. Sehemu iliyokuwa ya waridi, yenye maji na maumivu, inageuka ya kahawia, nyeusi au zambarau, na ukiigusa mtoto hastuki. Hapo kidonda kilichokuwa cha juu juu kimeingia ndani zaidi, na hakikufanya hivyo kwa maji ya bugali ya siku kumi na tatu zilizopita. Huangalia pia kama gamba linabanduka mapema kuliko ilivyotarajiwa, kama mafuta ya chini ya ngozi yanavuja damu, kama ngozi ya pembeni isiyoungua inavimba na kuiva. Usaha wa kijani wenye harufu tamu tamu kama zabibu unasema Pseudomonas ipo, ila ukijani kwenye bandeji peke yake si shambulio. Linalonifanya mimi nikimbie ni doa jeusi kwenye ngozi ambayo haikuungua, kwa sababu hilo limefika kwa njia ya damu.

Tiba ya hali hiyo ni kisu kwanza, dawa pili. Nyama iliyokufa ikiondolewa, vijidudu vingi vinaondoka nayo kwenye ndoo, na iliyobaki ina damu, kwa hiyo dawa inafika.

Na ile karatasi ya siku ya sita, iliyoonekana kama pesa iliyotupwa, leo ndipo ina faida. Daktari anapoanza dawa ya mshipa hajui bado nani amevamia, anakisia. Kujua ni vijidudu gani vilikuwa juu ya kidonda wiki iliyopita, na vipi katika wodi hiyo vinasikia dawa ipi, kunampunguzia kubahatisha. Ni sababu inayofanya baadhi ya vituo kuotesha vidonda kila wiki hata mgonjwa akiwa mzima. Mimi si mpenzi sana wa desturi hiyo mahali ambapo anayelipa ni familia, maana macho ya mtu yule yule, kila asubuhi, mbele ya kidonda kilichooshwa na penye mwanga, yananiambia mengi zaidi.

Lakini kuna jambo kwenye karatasi hiyo ya kwanza limenisumbua, na mwonyeshe daktari: amoksisilini S, yaani kijidudu kinaisikia dawa (R ni sugu), kama S hiyo imeandikwa kwa Pseudomonas na si kwa stafilokoki. Hiyo haiwezekani. Pseudomonas kwa maumbile yake haisikii amoksisilini, wala ampisilini, wala seftriaksoni ambayo Kongo hii tunaichoma kama maji. Vivyo hivyo Klebsiella na ampisilini. Ukiona S mahali hapo, ama kijidudu hakikutambuliwa sawasawa, ama kipimo chenyewe kimelegea. Hulegea vipi? Vijidudu vikipandwa vichache mno, au ute wa kwenye sahani ukiwa mwembamba chini ya milimita 4 zinazotakiwa, dawa hutanda mbali na duara safi linatoka kubwa kupita kiasi. Kijidudu sugu kinaonekana laini. Kinyume chake, vidonge vya karatasi vyenye dawa vikikaa nje ya friji hupoteza nguvu, na kijidudu laini kinaonekana sugu. Labo inayojichunga hupanda mara kwa mara vijidudu vya kupimia ambavyo majibu yake yanajulikana duniani kote, na ikiona majibu yamepinda inasimamisha kutoa karatasi. Si tusi kwa daktari kuwauliza walivipanda lini. Watu wa labo wazuri hufurahia swali hilo, kwani madaktari wengi hatuendi kwao ila kulalamika.

Kijidudu kimoja kiko nje ya hayo niliyosema kuhusu kuwapo na kuvamia: streptokoki ya kundi A. Hiyo ikiota, hata kidogo, hutibiwa, kwa sababu hula ngozi iliyopandikizwa. Ila nayo ina mtego wake. Labo nyingi zisizo na kondoo wa kutoa damu hutengeneza chakula cha kuoteshea kwa damu ya binadamu iliyopitwa na muda kutoka benki ya damu, na juu ya damu hiyo streptokoki huweza kuota vibaya au isionyeshe alama yake, ikapita bila kuonekana.

Na kwa wazazi wengine watakaosoma: mtoto mdogo mwenye kidonda kidogo tu cha chai, kilicho safi na chekundu, ambaye ndani ya siku chache anapata homa kali, vipele mwilini, kutapika, kuhara na kulegea, apelekwe hospitali saa ile ile. Stafilokoki huweza kutoa sumu inayoingia kwenye damu bila kidonda kuharibika. Kuotesha kutaonyesha stafilokoki, ambayo ingekuwapo hata kwa mtoto mzima. Sumu haionekani kwenye sahani.

Sasa kanyama. Ndiyo, lipa, maadamu anapasuliwa kesho kwa vyovyote vile. Gharama ya maumivu haipo, atakuwa amelala, na kipande kitatoka pale pamba isipofika. Mwombe daktari mambo haya. Kipande kikatwe kwenye mpaka wa nyama iliyokufa na nyama hai, baada ya krimu kuoshwa. Kiingie kwenye chupa safi ya labo yenye maji kidogo ya chumvi, kisiwekwe kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze, maana formalini inaua kila kitu na mtarudishiwa "stérile" nyingine. Kifike labo ndani ya saa moja au mbili, kwa mkono wa mtu anayejulikana, siyo kubaki mezani kikingoja zamu. Labo ipake sehemu yake kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini siku ile ile, bila kungoja kuota, na sahani zisomwe kwa saa 48 badala ya 24. Kama kuna mtaalamu wa kusoma nyama kwa hadubini anayeweza kufikiwa, kipande cha pili kiwekwe hicho sasa kwenye formalini. Huyo ndiye anayeweza kusema kama uvamizi upo, ila huku Kivu wataalamu hao ni wachache na jibu lake huja baada ya siku nyingi, kwa hiyo usiuze kitu cha nyumbani kwa ajili yake.

Leo hii, kabla sindano ya kwanza haijaingia, achukuliwe pia damu ya kuotesha, kutoka mahali ambapo ngozi haikuungua na pamesafishwa vizuri. Damu ikitoa kijidudu kile kile cha kwenye kanyama, mmempata mhusika na dawa itachaguliwa iliyo nyembamba zaidi, inayomlenga huyo na kuwagusa wengine kidogo. Damu ikikosa kuotesha kitu, haimwondolei mtoto ugonjwa, kwa maana mara nyingi uvamizi wa kidonda hauonekani kwenye damu. Sindano yenyewe isicheleweshwe kwa kutafuta chupa. Kama chupa hakuna, dawa ianze.

Majibu yakifika, karibu siku ya tatu, dawa ibadilishwe kwa kuyafuata, au isimamishwe kama nyama haikuotesha kitu na mtoto ameanza kula na joto limeshuka. Na mtu akikuletea bili ya kijiti kingine cha juu ya kidonda wiki ijayo, mtoto akiwa anacheza kitandani, muulize kwa upole watabadilisha nini katika matibabu yake jibu likitoka hivi au vile. Akikosa la kukujibu, pesa hiyo mnunulie mayai.